Alhamisi Nne za Taqwa

Makindye, Jumapili, 8 Septemba 2024

Mimi Swaibu, fundi wa kutengeneza cherehani, nimenunua daftari hili kwa sababu leo nimepata mjukuu, na mtu kama mimi akipata mjukuu lazima iandikwe, ili mwenyewe aje asome alivyopokelewa duniani. Shule niliachia darasa la sita. Si kwa ujinga. Mwalimu alikiri mbele ya watu kwamba hana tena cha kunifundisha.

Kulthum, binti wa marehemu dada yangu Munirah, amejifungua saa nne asubuhi, mimba haijatimiza hata miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia. Nimemwona kupitia kioo. Mdogo kama mche wa sabuni, kapachikwa mpira wa hewa puani. Manesi wana nyuso za msibani. Nikawaambia hata mimi nilizaliwa hivyo hivyo, mama akaniweka kwenye sufuria yenye pamba kando ya jiko, siku ya tisa nikatoka mwenyewe nikaomba uji. Na leo, miaka hamsini na nne, natia uzi kwenye sindano bila miwani, na nikisimama juu ya kilima hiki nasoma majina ya boti kule ziwani. Nesi mmoja alicheka. Wengine walikuwa na kazi.

Usama, mume wa Kulthum, ni dereva wa lori, yuko njia ya Juba kwa mkataba wa miezi mitatu. Nimempigia nikamwambia mtoto ni mkubwa na ana nguvu. Mtu aliyeshika usukani hatishwi.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua. Yuko hai.

Jumanne, 10 Septemba

Yuko hai.

Jumapili, 15 Septemba

Jina ni Taqwa. Nimelichagua mimi. Simu ya Kulthum imetumbukia kwenye ndoo ya maji huko wodini, imekufa. Nimewaambia waandike namba yangu kwenye faili. Dada yangu alipofariki nilimchukua Kulthum akiwa na miaka sita, nikamlea mpaka nikamwoza. Anayetaka habari za nyumba hii ananipigia mimi.

Jumatano, 25 Septemba

Gramu mia moja na hamsini zimeongezeka. Kulthum anambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kutwa. Hortense, jirani yetu Mkongomani anayeuza vitenge, amempelekea supu ya samaki. Mwanamke mwema lakini ulimi wake hauna breki. Nilikuwa namsimulia mteja habari ya ile sufuria, naye akapita na mfuko wake wa vitunguu.

"Papa Swaibu, na kifuniko walikufunika?"

"Walinifunika nusu."

"Ndiyo maana mvuke bado inatoka."

Mteja alicheka mpaka akasahau kunishukuru.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo daktari wa macho amempima Taqwa. Huja wodini kila Alhamisi kuwapima watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ni mwanamke mfupi, sauti yake ya chini. Alituchorea jicho kwenye karatasi. Alisema nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba ndiyo inayoona, na mishipa yake ya damu humaliziwa kujengwa tumboni. Mtoto akitoka mapema mishipa haijafika mwisho, na mingine huanza kuota ovyo, ikajikunja, ikaivuta ile ngozi mpaka ikabanduka. Ikibanduka, giza. Taqwa ameanza dalili, bado ndogo. Pengine zitaondoka zenyewe. Zikizidi, watachoma kwa mwanga wa leza na macho yatapona, ila lazima wawahi. Kwa hiyo apimwe kila Alhamisi, asikose hata moja.

Kupima kwenyewe si mchezo. Humtia matone, humfunga shuka kama chapati ya yai, kisha humpachika kiwaya kidogo cha chuma kinachoshikilia kope zisifumbe. Wanaume wawili walizimia. Mimi nilisimama kama nguzo ya msikiti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumerudi nyumbani, alhamdulillahi. Kilo moja na gramu mia saba.

Sista Adyero, nesi mmoja Mwacholi mrefu wa pale wodini, alitufuata mpaka mlangoni. "Mzee, sikia. Alhamisi hii mnarudi kwa macho. Mvua, jua, mnarudi." Akaniandikia kwenye kadi.

Jioni Kulthum akaanza kutafuta nguo ya Alhamisi. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Hospitali, Mjomba. Macho."

"Na arobaini?"

"Arobaini si inaisha Ijumaa hii? Leo ana siku thelathini na sita."

Nikamweka sawa. Siku za hospitali hazihesabiwi. Kule mtoto alikuwa bado anamaliziwa kupikwa, kama mkate uliorudishwa tanurini. Arobaini huanza siku mtoto anapovuka kizingiti cha nyumba. Babu zetu walitoka pwani na hesabu hiyo, wakaja nayo mpaka huku Buganda kwa miguu. Kwa hiyo mama na mtoto hawatoki mpaka tarehe ishirini na tatu Novemba. Nje kuna baridi, kuna macho ya watu.

"Lakini daktari alisema kila wiki."

"Nitaongea nao. Wananijua."

Alinitazama kidogo, kisha akairudisha nguo sandukuni. Mtoto mtiifu. Nimemlea vizuri.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua kubwa, mitaro imefurika. Sista Adyero kapiga simu saa tano. "Mzee, mtoto iko wapi? Daktari anangoja." Nikamwambia barabara imekatika. Akasema basi wiki ijayo, bila kukosa. Kulthum akauliza ni nani. Nikamwambia ni hospitali, wamekubali tungoje arobaini iishe.

Jumapili, 20 Oktoba

Taqwa ananyonya vizuri. Nimeyatazama macho yake kwenye mwanga wa dirisha, mimi ambaye nasoma boti ziwani. Meusi, yanang'aa. Hayana doa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kapiga tena. Huyu mwanamke king'ang'anizi. Mbele yangu walikuwa wateja wawili na cherehani imefunguliwa matumbo, nisingeweza kuonekana nagombezwa na nesi. Nikamwambia asijali, mtoto amepelekwa Nairobi, kuna daktari bingwa Mhindi rafiki yangu, ana mashine tatu, kampima macho yote mawili na kusema ni safi. Akasema, "Nairobi, mzee?" Nikasema kwa ndege. Akasema vizuri, ataandika kwenye faili, ila tulete barua ya huyo daktari.

Wateja waliniheshimu sana.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Nimefunga duka mapema.

Alhamisi, 31 Oktoba

Simu imelia saa tano. Sikupokea.

Jumanne, 5 Novemba

Hortense alikuja kumwona mtoto, akakaa muda mrefu akimtazama usoni. Kisha akanifuata nje kwenye benchi langu.

"Papa Swaibu, arobaini yenu ninaiheshimu. Lakini ule munganga alisema kila juma. Ugonjwa haisomaka kalenda yenu."

"Mambo ya dini yetu utayajua wewe?"

"Sijue dini yenu. Ninajua mutoto. Kwetu Beni kulikuwa mutoto wa dada yangu, alizaliwa kidogo hivi. Hakuna aliyemwangalia macho. Leo anatembea kwa kushika ukuta."

"Kila mtoto na bahati yake."

"Muulize hata maalim wenu."

Nikamwambia nilishamwuliza Maalim Farouk, akaniunga mkono. Sijamwuliza. Nitamwuliza Ijumaa.

Alhamisi, 7 Novemba

Simu haikulia. Afadhali.

Ijumaa, 8 Novemba

Maalim alikuwa na watu wengi baada ya swala. Sikumsumbua.

Jumatano, 13 Novemba

Naandika polepole.

Mchana nilikuwa nyumbani, chini ya meza, natafuta skrubu ndogo ya cherehani. Simu yangu ilikuwa juu ya meza na Kulthum amekaa kando yake na mtoto, anangoja Usama apige kutoka Juba. Ikalia. Akapokea.

"Ndiyo, mimi ndiye mama yake."

Akasikiliza. Nilisikia sauti ya Sista Adyero, nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya kopo. Nikabaki chini ya meza. Skrubu nilishaiona, iko mbele ya kidole changu, lakini nikabaki.

"Nairobi? Hapana, Sista. Sijavuka hata geti."

Akasikiliza tena, muda mrefu.

"Alisema kwa ndege?"

Kisha, "Kesho. Ndiyo. Saa mbili."

Akaiweka simu taratibu. Nikatoka chini ya meza nikijipangusa magoti.

"Mjomba," akasema, "Nairobi tulienda lini?"

Nikafungua mdomo. Wallahi hadithi ilikuja yenyewe, imekamilika, na jina la daktari na rangi ya jengo lake. Aliinua mkono.

"Usinisimulie."

Hajawahi kunikatiza tangu nimchukue.

"Uliniambia wamekubali tungoje. Nikakuamini kwa sababu ni wewe. Kila Alhamisi namwogesha, namvisha, nasema moyoni Mjomba ameongea nao. Sista anasema wiki hizi ndizo zenyewe. Anasema hazirudi." Hakulia. Alikuwa anamgeuza mtoto huku na huku, uso wake kwenye dirisha, kisha mbali na dirisha. "Mtazame, Mjomba. Wewe si unaona mbali. Niambie kama ananiona."

Nikasema arobaini imebaki siku kumi.

Akaenda kubisha kwa Hortense.

Alhamisi, 14 Novemba

Hawakunialika. Walipanda bodaboda mbili, Kulthum na mtoto ya mbele, Hortense ya nyuma, nikachukua ya tatu nikawafuata.

Wodini kulikuwa na mama kumi na mmoja wamepanga mstari kwenye benchi, kila mmoja na mtoto aliyetiwa matone machoni. Wanajuana. Walikuwa wanaulizana gramu kama watu wa sokoni wanavyoulizana bei. Mmoja akamwambia Kulthum, "Ulipotea wapi? Tulidhani mmefiwa." Kulthum akasema, "Nilikuwa nyumbani."

Zamu yetu ilipofika Sista Adyero alisema anahitaji mtu wa kushika miguu, na mama asikae pale. Akanitazama. Nikamwamkia.

"Mzee wa Nairobi," akasema. Si kwa mzaha.

Nikashika miguu. Wakapachika kile kiwaya. Taqwa alipiga ukelele ambao sikujua unaweza kutoka kwenye kifua cha ukubwa ule, na miguu yake ikanisukuma viganja, joto, na nguvu kuliko nilivyodhani. Daktari akainama na taa yake kichwani. Jicho la kushoto, muda mrefu. La kulia, muda mfupi. Akarudi kushoto. Akarudi tena kulia, akazima taa, akaiwasha, akatazama mara ya tatu. Kwenye kazi yangu nami hufanya hivyo, cherehani ikiletwa na ekseli imevunjika. Hufungua mara tatu. Si kwamba sijaiona mara ya kwanza.

Akamwita Kulthum aketi. Hortense akasimama nyuma yake, mikono mabegani mwake.

"Jicho la kulia limebanduka lote," daktari akasema. "La kushoto mishipa imezidi sana lakini ngozi bado imeshika. Nitalichoma leo hii, sitangoja kesho. Naweza kuliokoa. La kulia sitakudanganya, mama. Upasuaji kwa mtoto mdogo hivi, hata aende wapi, matumaini ni haba."

Kulthum akauliza, "Tungekuja ile wiki ya kwanza?"

Daktari akavua taa yake kichwani. "Yote mawili yalikuwa ya kutibika."

Akaangalia faili. "Mlikuwa wapi wiki hizi nne?"

Kulthum akasema, "Tulikuwa kwenye arobaini."

Hakunitaja. Angeweza kunyoosha kidole tu, nilikuwa hatua mbili. Akaacha lawama imwangukie yeye, aonekane mama wa miaka ishirini na mmoja asiyejua kuhesabu, na daktari akatikisa kichwa kwa huruma.

Sista Adyero akasema, "Lakini kwenye faili kuna Nairobi."

"Ni mimi," nikasema. "Hakuna Nairobi. Nilimzuia asije, na nyinyi nikawadanganya."

Nilidhani mtu atanipigia kelele. Daktari aliandika kitu, akasema kwanza tumhudumie mtoto. Wakamchukua. Tukakaa koridoni saa mbili, Kulthum na Hortense benchi moja, mimi benchi nyingine. Hortense alikuwa anasali Kifaransa kwa sauti ya chini. Sikumwambia anyamaze. Nilitamani hata aongeze sauti.

Wamemrudisha amelala, uso umevimba. Daktari anasema leza imekwenda vizuri. Tungoje.

Ijumaa, 15 Novemba

Baada ya swala nilimngoja Maalim Farouk mpaka watu wakaisha. Nikamweleza yote. Alisikiliza akikunja mkeka.

"Nani alikwambia arobaini inamzuia mgonjwa kutibiwa?"

"Desturi, Maalim."

"Desturi ipi? Mke wangu alitoka siku ya kumi na mbili kwa homa ya mtoto, nikamshikia mwavuli mimi mwenyewe. Na hii ya kuhesabu toka kizingitini, Swaibu, umeitoa wapi?"

Nyumba ya Mungu si mahali pa kutunga, nikachukua viatu vyangu nikatoka. Jibu nitaliandika hapa.

Tarehe kumi Oktoba niliandika kwamba wanaume wawili walizimia. Hapakuwa na wanaume wawili. Nilikuwepo mimi peke yangu. Walipompachika kile chuma na akalia, mikono yangu iliachia, nikatoka mbio, nikatapika kwenye maua ya hospitali, nikakaa nyuma ya gari la wagonjwa mpaka walipomaliza. Daktari maneno yake nilisimuliwa na Kulthum. Tangu siku ile, kila nikifikiri Alhamisi nilikuwa nasikia kile kilio. Sikutaka kurudi pale, na sikutaka mtu ajue kwamba sitaki. Arobaini nikaikuta karibu, nikajifunika nayo, na ilipokuwa fupi nikairefusha.

Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine.

Jumatatu, 18 Novemba

Mteja ameniomba hadithi ya sufuria. Nimemwambia cherehani yake itakuwa tayari Jumatano.

Alhamisi, 21 Novemba

Tumekwenda. Nimeshika miguu. Mishipa ya kushoto inanywea.

Jumamosi, 23 Novemba

Kwa hesabu yangu arobaini imeisha leo. Hakuna aliyesema neno.

Alhamisi, 28 Novemba

Tumekwenda. Nimeshika miguu.

Jumapili, 1 Desemba

Kulthum hunipa chakula, huniamkia, hunijibu. Haniulizi kitu. Zamani akisuka nywele aliniuliza, akinunua sabuni aliniuliza. Leo nimemsikia anamwuliza Hortense mtoto akohoe mara ngapi ndipo apelekwe zahanati, na Hortense akamwambia, "Moja tu, mama. Twende." Wakaenda. Ilikuwa mafua.

Nilimdharau yule mwanamke kwa sababu ni mgeni na si wa dini yetu. Yeye ndiye aliyemtazama mtoto usoni. Mimi nilitazama kama macho yananing'aria.

Usama alipiga simu. Kulthum alinipa simu bila kumwambia lolote. Alishaniambia mapema, wiki ile ya leza: "Simwambii kwenye simu akiwa barabarani. Akirudi utamwambia wewe, kwa mdomo wako, na mimi nitakuwepo." Usama akaniuliza mjukuu wangu hajambo. Nikasema anakua.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua zimepungua. Tumekwenda.

Alhamisi, 12 Desemba

Daktari amesema jicho la kushoto limetulia. Ataona. Pengine atahitaji miwani mapema, lakini ataona, atasoma. La kulia halitaona. Amesema tumzungumzie sana, tumguse kabla ya kumbeba kutoka upande ule, asishtuke. Kulthum akamshukuru, akatoka nje, akalia kwa mara ya kwanza, akiwa ameegemea ukuta wa chumba cha kufulia. Nilisimama mbali. Sista Adyero akapita, akaniambia, "Mzee, Alhamisi zote hizi umekuja." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ile ya kwanza mliyokosa ndiyo ilikuwa kubwa." Akaenda zake na trei yake.

Jumamosi, 14 Desemba

Usama amefika saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Kaleta asali na kofia ndogo ya sufu ya mtoto. Hakuwa amemshika hata mara moja tangu azaliwe. Kulthum alikuwa ameketi mkekani, Taqwa amelazwa katikati, ameamka, mimi nimeketi ng'ambo ya mtoto.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Keti, Usama. Nina neno kabla hujambeba."

Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nilikuwa na njia tano za kuanza, na katika kila njia palikuwa na mafuriko, na barabara iliyokatika. Kulthum alinitazama. Nikasema:

"Mtoto haoni jicho moja. Alitakiwa kupelekwa hospitali kila Alhamisi, nikamzuia mkeo mara nne. Yeye nikamwambia hospitali imeruhusu. Hospitali nikawaambia tuko Nairobi. Wangemtibu yote mawili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Ilikwisha upesi. Sikujua maneno ya kweli ni machache hivyo.

Usama alimtazama mkewe. Kulthum akaitikia kwa kichwa. Usama akashusha macho kwenye kofia ile ya sufu, akaikunja, akaikunjua. Nje mtu alikuwa anapiga mswaki na kutema. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari, ningeona raha anitukane.

"Jicho lipi?" akauliza.

"La kulia."

Alikuwa ameanza kuketi kando yangu. Akasita, akainuka. Akazunguka miguu ya mtoto, polepole, na viatu vyake mkononi, akaketi upande wa kushoto karibu na Kulthum, akainamisha uso wake chini mpaka mtoto akautafuta. Akautafuta kweli. Akaupata, akatulia nao.

"Mimi baba yako," Usama akamwambia.

Nami nilibaki pale nilipokuwa, upande wa kulia.